Kamyo za Waya za Mutakura: Historia ya Ufundi Mdogo na Msamiati Wake katika Kiswahili cha Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanajadili historia ya uundaji wa magari madogo ya waya, bati na mpira katika mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura, hususan Mutakura, na nafasi ya historia hiyo katika mjadala wa msamiati wa Kiswahili cha Afrika Mashariki. Vyombo hivi havidumu, lakini majina ya sehemu zake hudumu, nayo yana nasaba mbili: ya pwani na maziwa, na ya karakana za enzi ya Wabelgiji. Inadaiwa hapa kwamba sera ya lugha inayoyahesabu majina ya nasaba ya pili kuwa makosa inapoteza hazina ya ufundi ambayo shule za kanda zinaihitaji.

Chombo kisicho na katalogi

Historia ya usafiri wa Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kufuata reli, bandari na barabara kuu, na walioiandika wamehesabu tani na kilomita. Kando yake ipo historia nyingine ya vyombo visivyobeba tani yoyote, lakini vilivyopita katika mikono ya wavulana wengi mno waliokulia mijini na vijijini: gari la waya, kamyo ya kopo la samaki, basi la boksi. Wasichana hawakukosekana kabisa katika ufundi huu, ingawa mgawanyo wa kazi za nyumbani uliwaachia muda mchache zaidi wa kuufanya.

Mutakura ni mtaa wa zoni ya Cibitoke, kaskazini mwa Bujumbura. Mageuzi ya mipaka ya utawala ya mwaka 2014, yaliyopunguza komini za jiji kutoka 13 hadi 3, yaliuweka ndani ya komini ya Ntahangwa. Ni mtaa wa avenyu zenye namba, jirani na Ngagara, ile iliyojengwa katika miaka ya 1950 na Ofisi ya Miji ya Kiafrika ya serikali ya Kibelgiji na ambayo wazee bado huiita OCAF. Katika mtaa wa namna hii barabara ni uwanja wa michezo na kiwanda kwa wakati mmoja. Fundi wa miaka kumi haendi mbali kutafuta mfano wa kuiga. Kamyo ya kreti za bia, basi dogo la Hiace, lori la mchanga na gari la mizigo linalotoka mpaka wa Kobero vyote humpita mbele ya macho, na baadhi husimama kwa muda wa kutosha kuhesabiwa magurudumu.

Kwingineko ufundi wa magari madogo umeacha kumbukumbu nyingi. Mjini Liverpool, kampuni ya Meccano ya Frank Hornby ilianza kuuza magari madogo ya madini mwishoni mwa 1933, na mwaka 1934 yakapata jina la Dinky Toys. Mjini London, Jack Odell alimtengenezea binti yake mashine ndogo ya kushindilia barabara iliyoweza kuingia katika kiberiti, na kutokana na wazo hilo kampuni ya Lesney ikaanzisha Matchbox mwaka 1953. Magari hayo yana katalogi, namba za mfululizo, maboksi yaliyohifadhiwa na wakusanyaji wanaogombania rangi adimu mnadani. Mwanahistoria wake anaweza kukaa mezani na kuandika bila kumwona mtoto hata mmoja akicheza.

Kamyo ya Mutakura haina boksi. Mvua ya masika huila kutu, mpira wa magurudumu yake hukatika, waya wake hunyooshwa na kuzaliwa upya kama gari jingine. Makumbusho machache ya Ulaya yaliyohifadhi vyombo vya aina hii kutoka Afrika aghalabu yaliviweka katika rafu ya ubunifu wa kutumia taka, jina ambalo linasifu mali ghafi na kumnyamazia fundi. Jina hilo lina kasoro nyingine, kubwa zaidi kwa mtafiti wa lugha: halitokani na neno lolote ambalo mwenye chombo hulitumia. Anayetaka kujua kamyo ya waya ni nini hana budi kuanza na maneno ya wale wanaoiunda.

Kipimo kianzacho kwenye gurudumu

Ufundi wa vielelezo vidogo duniani hutawaliwa na uwiano uliowekwa kabla ya kazi kuanza. Uwiano wa 1 kwa 43, uliozoeleka katika magari madogo ya Ulaya, ulirithiwa kutoka treni za kuchezea za Uingereza, ambako milimita 7 zilisimama badala ya futi moja. Uwiano wa 1 kwa 24 ni nusu inchi kwa futi. Katika hali zote mbili namba hutangulia na kitu hufuata.

Katika gari la waya mambo huenda kinyume chake: gurudumu hutangulia. Fundi hupata kwanza visivyoweza kubadilishwa ukubwa kwa urahisi, yaani vizibo vya chupa, vifuniko vya makopo, au duara zilizokatwa kutoka soli ya kandambili, kisha mwili wa gari huundwa kulingana na magurudumu hayo. Kizibo cha chupa ya soda au bia kina kipenyo cha karibu milimita 30. Tairi la lori kubwa lina kipenyo cha karibu mita moja na zaidi kidogo. Mwenye vizibo mkononi, hata kama hajawahi kusikia neno uwiano, atajikuta anaunda lori la karibu 1 kwa 35, na lori la mita 7 litamtokea likiwa na urefu wa sentimita 20. Akikata magurudumu ya sentimita 5 kutoka kandambili, lori lile lile litafika karibu sentimita 33. Gari lenye trela, ambalo barabarani hukaribia mita 16, litahitaji waya wa kutosha kufika karibu nusu mita hata kwa kipimo kile kidogo cha vizibo. Ndiyo maana trela ni kazi ya mwenye subira na mwenye waya, na mwenye trela huheshimiwa.

Jicho hukosoa. Wenzake humwambia fundi kwamba kabini ni ndefu mno, kwamba Fuso haina pua, kwamba magurudumu ya nyuma ya lori la mizigo huwa mawili-mawili kila upande. Ukosoaji huu ni shule kamili ya vipimo isiyo na rula, nao hufanyika kwa maneno. Kila sehemu inayokosolewa lazima iwe na jina, kwa maana mtu hawezi kumwambia mwenzake arekebishe kitu ambacho wote wawili hawawezi kukitaja.

Claude Lévi-Strauss, katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu fikra za binadamu, alidai kwamba kielelezo kidogo hutuwezesha kukijua kitu kizima kabla ya kuzijua sehemu zake. Hoja hiyo huenda inamfaa mtazamaji wa mchoro. Kwa mwundaji wa gari la waya haifai sana. Yeye huanza na ekseli, kwa sababu gari lisilozunguka si gari. Waya mnene hupindwa kuwa fremu; waya mwembamba hufunga viungo kwa kuzungushwa mara tatu au nne na kukazwa kwa koleo, au kwa meno pale koleo linapokosekana. Mpira hutobolewa kwa msumari uliopashwa moto kwenye mkaa. Kutoka ekseli ya mbele hupanda ufito mrefu, wa mti au wa waya, hadi kwenye kifua cha mtoto aliyesimama, na juu yake huwekwa duara la usukani. Mtoto hukimbia nyuma ya gari lake akiligeuza kulia na kushoto, na magurudumu ya mbele hutii. Magari ya kiwandani ya Liverpool na London kwa miaka mingi hayakuwa na usukani unaogeuza chochote. Kwa kigezo cha utendaji wa sehemu, gari la waya lilikuwa mbele.

Baada ya mwili hufuata mapambo, na hapo ndipo mafundi hutofautiana. Karatasi inayong'aa ya pakiti ya vidonge huwa taa na vioo. Mpira wa ndani wa tairi la baiskeli hukatwa kuwa vikinga matope. Utepe wa chuma uliofungia mizigo hukunjwa kuwa springi zenye majani kadhaa, ambazo kweli hunesa. Mabomba mawili ya sindano yaliyounganishwa kwa mrija na kujazwa maji huinua bodi la lori la mchanga; mtoto aliyefanya hivyo amekwisha kuielewa kanuni ya haidroliki kabla ya kukutana nayo ubaoni. Motori ndogo za redio na vicheza-diski vilivyokufa zimeongeza mwendo, na balbu ndogo za tochi zimeongeza taa za kweli.

Njia mbili za kuingia Usumbura

Mji ulioitwa Usumbura hadi uhuru wa 1962 ulianza kama kituo cha Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, mahali ambapo wafanyabiashara wa pwani na wa Ujiji walikuwa wamekwisha kufika na lugha yao. Wajerumani walitumia Kiswahili katika utawala. Wabelgiji walioingia mwaka 1916 walikirithi mijini, huku shule za misheni zikishikilia Kirundi na, kwa wachache, Kifaransa. Wamisionari wengi wa Kikatoliki walikitazama Kiswahili kwa shaka kwa sababu ya uhusiano wake na Uislamu. Kwa hiyo Kiswahili cha Bujumbura kilikua kwa miongo mingi bila mwalimu, kikilelewa na soko, msikiti, gati na karakana. Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ukawa pia mtaa wa mafundi magari, na sifa hiyo unayo hadi leo.

Bidhaa nzito zilifika mjini humo kwa njia mbili. Ya kwanza ilitoka mashariki: reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kutoka hapo mizigo ilivuka Ziwa Tanganyika. Mkataba wa mwaka 1921 baina ya Uingereza na Ubelgiji uliipa Ubelgiji maeneo yake ya kupakulia mizigo Dar es Salaam na Kigoma, na hivyo njia hiyo ikawa ndiyo mlango wa Ruanda-Urundi. Ya pili ilitoka magharibi, kutoka Kongo ya Wabelgiji, pamoja na makarani, mafundi na madereva waliojifunza kazi kwa Kifaransa na kwa Kiswahili cha Kongo.

Maneno yalisafiri pamoja na mizigo. Gari ni neno la Kihindi lililoingia pwani na kupanda bara. Lilipofika kwa majirani lilibadilisha kazi, hata Kinyarwanda kikalifanya igare, yaani baiskeli, na Kiganda kikapata eggaali, ambayo pia ni baiskeli, na ikiongezewa moshi huwa treni. Usukani ulitoka kwa Waarabu ukiwa chombo cha kuongozea jahazi, na ukahamia garini bila kubadilisha herufi. Kopo ni la Kireno. Waya na tairi ni vya Waingereza. Haya ni maneno ya njia ya kwanza. Ya njia ya pili ni kamyo, pine, moteri, feri, shoferi, yote ya Kifaransa yaliyovaa irabu za Kibantu, ambayo husikika katika karakana za Maziwa Makuu. Kirundi nacho kiliongeza neno lake kwa gari, umuduga, na mzungumzaji wa Bujumbura hulitumia au huliacha kulingana na anayezungumza naye.

Matokeo yake ni kwamba kamyo moja ya waya, yenye urefu wa sentimita 30, hutajwa kwa maneno ya lugha sita au saba bila fundi wake kuhisi kwamba amevuka mpaka wowote. Ana usukani wa jahazi, makopo ya Wareno, waya wa Waingereza na pine za Wabelgiji. Johannes Fabian, katika utafiti wake wa mwaka 1986 kuhusu Kiswahili na mamlaka ya kikoloni Kongo, alionyesha jinsi lugha ya kazi ilivyosimamiwa ili itumikie amri. Mfano wa Bujumbura unaongeza jambo ambalo utafiti wa amri hauwezi kulionyesha: watoto waliichukua lugha hiyo ya amri na kuifanya ya mchezo, na kwa njia hiyo ikapata vizazi ambavyo havikuwahi kuajiriwa na Mbelgiji yeyote.

Kagari na kigari

Lugha nayo ina namna yake ya kupunguza ukubwa, na katika suala hili sarufi inagusa ufundi moja kwa moja. Kiswahili sanifu hudogosha kwa ngeli ya ki-/vi-: gari huwa kigari, vigari. Udogo huo, kama kila mwanafunzi wa sarufi ajuavyo, huelekea kubeba dharau. Kijitu si mtu mdogo tu. Kigari kinaweza kuwa gari bovu, au mkokoteni. Kirundi kina ngeli tofauti kwa kazi hiyo, aka- na utu-: umuduga huwa akaduga, utuduga, na udogo huo huweza kubeba mapenzi. Kiswahili cha Kongo, na kile cha Bujumbura kinachokaa kati ya Kongo na Kirundi, kina ka- na tu- vilevile: kagari, tugari, kakamyo. Anayesema kagari kangu hajakidharau chombo chake. Amekikumbatia.

Kiswahili sanifu hakina ngeli hizo, na mwalimu aliyepewa kitabu kilichoandikwa kwa sarufi sanifu atazisahihisha kwa wino mwekundu. Kwa mujibu wa sheria za darasa atakuwa sahihi. Hata hivyo atakuwa amemwondolea mtoto njia ya kutofautisha kitu kidogo kinachopendwa na kitu kidogo kinachodharauliwa, na badala yake hakumpa nyingine. Wanaojadili istilahi ya Kiswahili kwa ajili ya vielelezo vidogo kwa kawaida hutaja modeli, kielelezo, mfano, au gari la kuchezea. Maneno matatu ya kwanza yanabeba pia maana za kinadharia, na la nne linadai kwamba chombo hiki ni cha mchezo tu. Katika Kichewa neno galimoto ni gari lolote, na ndilo lililotangazwa nje kuwa jina la gari la waya la Malawi, hasa baada ya kitabu cha watoto cha Karen Lynn Williams chenye jina hilo, kilichotoka mwaka 1990. Wamalawi hawakuhitaji kulipunguza neno. Watoto wa Bujumbura nao, wanapokuwa ndani ya mchezo wenyewe, husema kamyo bila kiambishi chochote. Ka- hurudi mchezo unapokwisha.

Miaka ya vita na waya wake

Kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993 kuliitumbukiza Burundi katika vita vilivyoipasua Bujumbura mtaa kwa mtaa. Katika miaka iliyofuata mitaa ya kaskazini iligawanyika kwa utambulisho wa wakazi wake. Familia zilihama avenyu kwa avenyu, na baadhi ya mistari kati ya mitaa ikawa mipaka ya kufa na kupona. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi vilivyodumu hadi Januari 1999. Bidhaa za nje zikawa chache na ghali, na vitu vya kuchezea vya dukani vilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo familia zinaweza kuviacha. Chakula cha msaada kilikuja na makopo yake: mafuta ya kupikia katika makopo ya lita nne yaliyochapwa herufi za nchi iliyotoa. Makopo hayo yalipata maisha ya pili kote katika Maziwa Makuu yakiwa vipimo vya sokoni, mabomba ya kumwagilia, mapaa na, bila shaka, mabodi ya malori madogo. Bati lake ni laini na hukatika kwa kisu.

Ipo hatari ya kuiandika sehemu hii kwa mapenzi ya umaskini. Roland Barthes, katika insha yake kuhusu vitu vya kuchezea iliyomo katika kitabu cha mwaka 1957, aliulilia mti uliotoweka na kuushutumu mpira wa plastiki wa viwandani uliomfanya mtoto kuwa mtumiaji badala ya mwundaji. Hoja hiyo ni nzuri inaposomwa Paris. Mtoto wa Mutakura wa mwaka 1996 hakuchagua waya kwa sababu ya falsafa, na wengi wangebadilisha gari lao la waya kwa Matchbox moja bila kufikiri mara mbili. Linalostahili kusemwa ni dogo zaidi: kwamba alipokosa hilo, alichokiunda kilikuwa na hesabu, sarufi na sifa zake, na kwamba ujuzi huo haukufutika vita vilipokwisha.

Vita pia viliwatawanya mafundi. Wakimbizi wa 1972 walikuwa wamekwisha kujenga maisha katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo nchini Tanzania. Waliofuata baada ya 1993 walijaza kambi za Ngara na Kigoma. Watoto waliozaliwa huko walisoma, walicheza na waliunda magari kwa Kiswahili cha Tanzania. Baada ya Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, na hasa kuanzia 2002, mamia ya maelfu walirudi. Wakarudi na lori, breki, tairi na dereva, wakawakuta wenzao waliobaki na kamyo, feri, pine na shoferi. Katika siasa na katika ardhi, mkutano wa waliorudi na waliobaki ulikuwa na uchungu mwingi. Katika msamiati ulikuwa na dhihaka, kwa sababu nchini Burundi neno Mswahili lenyewe lina kivuli cha mtu mjanja, wa mjini, asiyeaminika sana, na aliyerudi akiongea Kiswahili fasaha alikipata kivuli hicho kabla hajafungua mzigo.

Mwezi wa Aprili 2015 Mutakura ilirudi katika habari za dunia pamoja na Cibitoke, Ngagara, Nyakabiga na Musaga, mitaa iliyokuwa kitovu cha maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza. Vizuizi viliwekwa barabarani na matairi yakachomwa. Wakazi wengi walikimbia tena, safari hii kuelekea Nyarugusu na Nduta Tanzania, Mahama Rwanda, Lusenda Kongo, Nakivale Uganda. Tairi likiungua mpira huisha, na kinachobaki majivuni ni mizunguko ya waya wa chuma uliokuwa ndani ya kingo zake. Waya huo, mgumu na mwembamba, hufahamika vizuri kwa waundaji wa magari madogo kote Afrika ya Mashariki na Kusini, na hata kwa wasuka viti na watengeneza majiko. Historia ya mali ghafi ya mtaa huu haiwezi kutenganishwa na historia ya yaliyoufika.

Kamusi, darasa na karakana

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki rasmi tarehe 1 Julai 2007, na Kiswahili kikaingizwa katika shule za msingi katika kipindi hicho hicho. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 ilitaja Kirundi kuwa lugha ya taifa, na pamoja nacho Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kiswahili hakikupewa hadhi hiyo. Kwa upande wa kanda, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kazi zake Zanzibar, na tangu Novemba 2021 UNESCO imeitambua tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Kwa hiyo mtoto wa Mutakura hukutana na Kiswahili mara mbili: barabarani bila hadhi, na darasani kikiwa na hadhi ya kanda lakini bila maneno yake.

Mfano mdogo unatosha kuonyesha gharama yake. Huko Mombasa, feri ni chombo cha kuvukia Likoni. Bujumbura na Kigali, neno linaloandikwa vivyo hivyo ndilo linalosimamisha gari. Mtahini anayemsahihisha kijana wa karakana kwa kuandika feri badala ya breki hamfundishi ufundi mpya; anamwambia kwamba ufundi alionao hauna jina. Katika soko la kazi la jumuiya, ambako fundi wa Buyenzi anaweza kutafuta kibarua Kigoma au Nairobi, anachohitaji ni daraja kati ya majina mawili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mwaka 1981, na zilizofuata baada yake, zimezoea kuweka visawe vya pwani na bara ya Tanzania na Kenya kando kwa kando. Hakuna sababu ya kisarufi inayozuia pine kuandikwa kando ya tairi, kamyo kando ya lori, moteri kando ya injini, kila moja ikiwa na alama ya mahali inapotumika, kama zinavyowekewa alama lahaja za Kimvita na Kiamu.

Kuna pingamizi, nalo si dhaifu. Wanaotetea usanifishaji husema kwamba lugha inayokusanya visawe bila mpaka hushindwa kuandika mwongozo mmoja wa mashine, na kwamba fundi anayesoma kitabu cha kiwanda anahitaji neno moja kwa sehemu moja. Ni kweli kwa kitabu cha mashine. Lakini kitabu hicho kwa sasa kimeandikwa kwa Kiingereza, Kijapani au Kifaransa, na atakayekitafsiri kwa Kiswahili hatafanikiwa kama hajui fundi msomaji wake huita nini kile anachokishika. Usanifishaji uliotangulia orodha ya matumizi umekwisha kuzaa istilahi nyingi zinazoishi vitabuni tu.

Orodha hiyo inaweza kuanzia mahali pasipo na gharama kubwa. Mtoto wa darasa la nne aliyeleta kamyo yake ya waya shuleni amebeba mashine iliyo wazi, ambayo kila sehemu yake inaonekana na kuguswa: ekseli, springi, usukani, bodi, trela. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuuliza majina, akayaandika ubaoni katika safu mbili, la mtaani na la kitabuni, bila kufuta hata moja. Mwalimu wa hisabati anaweza kuchukua kizibo kile kile na kuuliza lori lenye tairi la mita moja litakuwa na urefu gani. Shule za ufundi za Bujumbura hupokea vijana wengi waliokwisha kufunga viungo vya waya kwa miaka mingi. Fomu zao za kujiunga huuliza alama za mtihani. Hakuna gharama ya ziada katika kuuliza pia mwombaji amewahi kuunda nini kwa mikono yake, na aliziitaje sehemu zake.

Vigari vya plastiki kutoka China, vinavyoingia kupitia Dar es Salaam na kuuzwa kwa bei ambayo familia nyingi sasa zinaimudu siku za sikukuu, vimepunguza idadi ya wanaoshika waya. Vinavunjika mapema. Vinapovunjika, magurudumu yake huondolewa na kutumika, kwa kuwa ni duara kamili kuliko kandambili yoyote, na kamyo mpya hupimwa kwa hayo. Lori lenye magurudumu ya gari dogo la plastiki hutoka likiwa fupi na jembamba kuliko malori ya kizazi kilichopita, na ekseli yake ni msumari ule ule uliokuwa ukitoboa mpira.